Uzoefu wangu na Analysis Services katika kupanga ngazi za data ya mauzo

Natumia Analysis Services, sehemu ya SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, kuchambua mauzo ya kampuni ya usambazaji nchini Tanzania, na naipendekeza kwa dhati kwa yeyote ambaye takwimu zake zina ngazi zinazoeleweka: kata ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa, mkoa ndani ya kanda. Meneja hufungua Excel, akaona jumla ya kanda, akabonyeza alama ya kujumlisha, na mikoa ikajipanga chini yake bila yeye kuandika msimbo wowote.

Nguvu hiyo haitokani na kuzipanga sifa (yaani kata, wilaya, mkoa na kanda) juu chini katika dirisha la usanifu. Inatokana na kuiambia programu waziwazi kwamba kila kata ina wilaya moja tu na kila wilaya ina mkoa mmoja tu. Uhusiano huo ukitangazwa, jumla za wilaya zilizokwisha kuhifadhiwa hutumika kupata za mkoa. Usipotangazwa, ngazi zitaonekana kwenye skrini, lakini programu haitanufaika nazo ipasavyo inapokokotoa.

Kabla ya kuutangaza, ni lazima kuhakiki funguo, yaani thamani zinazokitambulisha kila kitu bila kukichanganya na kingine. Kata iitwayo Majengo ipo Dodoma, na ipo Moshi pia, kwa hiyo jina pekee likiwa ufunguo, mauzo ya sehemu hizo mbili yatachanganyika. Vivyo hivyo, ufunguo wa Januari sharti ubebe na mwaka wake. Wiki huvuka mwisho wa mwezi, hivyo niliipa mfuatano wake wa ngazi, kama nilivyoupa mwaka wa fedha unaoanza Julai, yote ndani ya dimensheni (kundi la sifa) ileile ya tarehe.

Programu hii ilinishawishi zaidi kwenye mipaka ya utawala. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Tunduma, Mbozi na Ileje zikahamia huko. Mhasibu anayelinganisha hesabu na taarifa za zamani anataka mauzo ya Tunduma ya mwaka 2014 yabaki Mbeya, ilhali meneja anayepanga malengo anataka kuiona historia yote chini ya Songwe, na wote wawili wana haki. Niliweka mkoa wa wakati wa mauzo na mkoa wa sasa kuwa sifa mbili, kila moja na mfuatano wake, na kila mmoja akapata jibu lake katika mchemraba uleule, yaani mkusanyiko uleule wa data ulioandaliwa kwa uchambuzi. Uhusiano wa mkoa wa sasa niliutaja kuwa unaoweza kubadilika. Gharama yake ni kwamba mabadiliko yakitokea, jumla zinazoutegemea hufutwa na kuhitaji kujengwa upya, kazi ambayo huiachia usiku.

Upo pia mfuatano wa mzazi na mtoto, ambamo kila mmoja huelekezwa kwa aliye juu yake, unaofaa kwa wafanyakazi na wasimamizi wao, ambako kina cha matawi hakilingani. Kwa maeneo siushauri, kwa sababu jumla za ngazi za kati hazihifadhiwi na hukokotolewa kila zinapoulizwa.