Kituo cha afya kilichotanguliza dawa kabla ya PF3

Kwa miaka minne nimekuwa mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni jijini Dodoma, na katika muda huo nimewasindikiza hospitali dada watatu wanaouza miili yao, baada ya kupigwa na kubakwa na wateja. Mara mbili za kwanza, kwenye kituo kingine, tuliambiwa tukachukue polisi kwanza PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu kwa aliyejeruhiwa. Kwa dada hao kauli hiyo ni sawa na kufukuzwa, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inamhesabu kahaba anayesubiri wateja hadharani kuwa mkosaji, na anayekwenda kushtaki huhofia kulala mahabusu yeye. Wote wawili walirudi nyumbani bila dawa.

Wengi hudhani mambo haya ni ya Arusha na fukwe za Zanzibar, kwenye watalii. Kwetu wageni ni wa semina na wa Bunge, na miezi ya bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, vyumba hujaa na wasichana huongezeka.

Ilikuwa Juni tulipofika katika kituo ninachokizungumzia, saa nane usiku. Muuguzi alimtazama yule dada, ambaye alikuwa ameishikilia kanga begani ili isifunue gauni lililochanika, akasema, "Pole, mdogo wangu, ingia ndani," kisha akafunga mlango. Hakumuuliza kazi yake. Alimpima VVU, akampa vidonge vya kwanza vya kinga palepale, akieleza kwamba dawa hizo huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28 bila kuruka hata moja. Aliyaandika majeraha yote kwenye faili, na PF3 ikazungumzwa mwisho. Kwa hilo peke yake ninakisifu kituo hiki kwa moyo wote.

Kasoro iko kwenye dirisha la kuandikishia, ambako jina, umri na kazi viliulizwa kwa sauti mbele ya benchi lililojaa watu. Dada alijibu kwamba yeye ni mama lishe. Karatasi ya kujaza mwenyewe ingetosha kabisa kumsitiri. Halafu tulipewa dawa za siku 7 tu, nyingine zifuatwe mchana, saa ambazo wanawake hawa wamelala, na katika foleni ambayo mtu yeyote wa mtaani anaweza kuwatambua. Ninauomba uongozi uruhusu dawa zilizobaki zitolewe usiku uleule, au jioni.

Siku ya saba nilikwenda kumshikia foleni tangu saa moja asubuhi. Alikuja saa nne, akiwa amejifunika mtandio hadi machoni, akazichukua.