Vifaa vya kwanza vya kijana anayejifunza umeme: anza na kipi?

Kila kijana anayetoka chuo cha ufundi cha VETA, au anayeanza kushika ngazi kwa fundi mtaani, ananiuliza swali lilelile: "Kaka, hela yenyewe ndogo, nianze na nini?" Wengi wao wameshaliona Kariakoo lile sanduku la vifaa mia na kitu. Liache. Utakuta limejaa spana ambazo fundi umeme hazishiki mwaka mzima, na plaizi iliyomo ni chuma laini. Kwa hela hiyohiyo unapata vifaa vichache vya maana. Mimi nasema hivi: hela yako iende kwenye vitu vinavyogusa waya. Vinavyogusa ukuta utaazima.

Namba moja: plaizi ya inchi 8

Hii utaishika kutwa nzima: kukata waya, kusokota, kuvuta fishi (utepe wa kupitishia waya) kwenye bomba. Kwa hiyo usiinunue kwa haraka.

Umeme wa nyumbani ni volti 230, na si kila mpini wa plastiki unakukinga. Mingi imevalishwa plastiki ili kiganja kisiumie tu. Tafuta alama ya pembetatu mbili zilizopandana pamoja na maandishi 1000 V, na iwe imepigwa kwenye plaizi yenyewe. Ikiwa kwenye pakiti tu, haitoshi. Ni alama ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, kinachotaka kila kifaa kipimwe kwa volti 10,000 kiwandani. Kisha shika ule mpini, uvute, uuzungushe. Mpini ukicheza hata kidogo, mrudishie muuzaji. Ukipata wenye tabaka mbili za rangi tofauti ni bora zaidi, maana ya juu ikichubuka utaiona ya chini, na utajua plaizi hiyo haifai tena kwa kazi ya umeme.

Sasa ifumbe, uinyanyue kwenye mwanga. Makali ya kukatia yakipitisha mwanga, hayakutani. Muombe muuzaji kipande cha waya wa 2.5 (yaani milimita za mraba 2.5, ukubwa wa shaba yake) ukikate pale pale dukani. Ukatike mara moja, usitafunwe.

Knipex na Wiha za Ujerumani ni vifaa vya kukaa navyo miaka mingi, lakini bei yake kwa mtu anayeanza inameza bajeti yote. INGCO, Total au Tolsen zinakutosha, ila kuwa makini: kampuni ileile inatengeneza plaizi ya kawaida na ya umeme, na zikining'inia dukani zinafanana. Angalia pembetatu.

Na mpini mzuri si ruhusa ya kufanya kazi umeme ukiwaka. Breka, yaani swichi ya kukatia umeme, inashushwa kwanza, siku zote.

Namba mbili: bisibisi tatu

Seti ya bisibisi kumi huihitaji. Chukua bapa nyembamba ya milimita 3.5 au 4 kwa skrubu za ndani ya soketi na swichi, bapa ya wastani, na nyota moja. Hapo kwenye nyota ndipo wengi wanapokosea. Angalia vizuri kichwa cha skrubu ya breka: nyingi, kati ya mikono minne ya msalaba, zina vimistari vidogo vingine vinne. Hiyo inataka nyota ya PZ2, si PH2, yaani nyota ya kawaida isiyo na vimistari hivyo. Ukitumia PH inateleza, inakula kichwa cha skrubu, na waya unabaki umelegea. Waya uliolegea unapata joto, na moto wa nyumba unaweza kuanzia hapo. Pembetatu mbili zinahitajika hapa pia, na chuma kiwe kimevalishwa plastiki hadi karibu na ncha.

Namba tatu: mita ya kupimia umeme

Nimeiweka ya tatu kwa sababu miezi ya kwanza utakuwa kwenye nyumba mpya ambazo hazijaletewa umeme: unatindua, unalaza bomba, unavuta waya. Ila siku ukiambiwa kesho tunakwenda nyumba yenye umeme, mita inapanda kuwa ya kwanza, hata kama itabidi ukope.

Isiwe ile ndogo ya njano ya bei ya chini. Soma karibu na tundu la 10A: nyingi zimeandikwa zenyewe UNFUSED, yaani hakuna fyuzi. Kijana mmoja niliyekuwa naye kazini alipima mkondo kwenye sola, akasahau waya mwekundu wa mita kwenye tundu hilo. Kesho yake akachomeka ncha mbili kwenye soketi apime volti. Ni sawasawa na kuunganisha moto (waya wenye umeme) na nutro (waya wa kurudishia umeme) kwa kipande cha waya. Ukasikika mlio, ukatoka mwanga wa buluu, ncha ya mita ikayeyuka na vidole vyake vikaungua. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nunua iliyoandikwa CAT III 600 V (daraja la usalama la mita), yenye fyuzi kwenye matundu yote ya kupimia mkondo.

Bisibisi ya testa iwe ya kukisia tu. Taa yake ndogo inawashwa na mkondo mdogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao kavu inaweza kukataa kuwaka, na kwenye jua kali hata ikiwaka huioni. Kwa mita, pima kwanza soketi unayojua ina umeme, pima unapotaka kushika, halafu rudi upime ile ya kwanza uone kama mita bado ni nzima.

Namba nne: kichuna waya

Kisu kinachuna, lakini kinaacha mkwaruzo kwenye shaba, na ukiukunja waya unakatikia hapo. Kuna kitu kimoja cha kuangalia: vichuna vingi vina namba za geji za Kimarekani, AWG. Waya wetu wa 2.5 unaangukia katikati ya 14 na 12, kwa hiyo tundu moja linakwaruza shaba na jingine halikati plastiki. Tafuta chenye namba za milimita za mraba: 1.5, 2.5, 4, 6.

Ukipata hela tena, ongeza springi ya kukunjia bomba la milimita 20, fishi, tepu ya kupimia ya mita 5 na pima maji fupi. Nyundo, tindo na msumeno wa chuma vipo kwa fundi wako.

Jambo moja kuhusu kuweka alama, maana saiti vifaa vinachanganyikana. Mafundi wengi wanachoma jina kwenye mpini kwa msumari wa moto. Kwenye nyundo, sawa. Kwenye plaizi na bisibisi za umeme usifanye hivyo, unatoboa kinga uliyoilipia. Funga tepu ya rangi unayoijua wewe.