Seyyid Said na Nyerere: nani aliunganisha nchi mbili vizuri zaidi?

Seyyid Said alitawala Oman na Zanzibar kwa merikebu, karafuu na, lazima tuseme, jasho la watumwa. Kiungo kilikuwa yeye mwenyewe. Alifariki baharini mwaka 1856 akirejea Unguja, wanawe wakagawana: Thuwaini akashika Muscat, Majid Zanzibar.

Nyerere aliongoza Tanganyika, kisha Tanzania kwa hati aliyotia saini na Karume Aprili 1964. Ile picha anamimina udongo wa pande mbili chunguni, bado inanigusa. Aling'atuka 1985, Muungano ukabaki, ingawa kero zake zinajadiliwa hadi leo.

Kwa kudumu, Nyerere anashinda. Kwa kukuza biashara, Said. Unayefuatilia historia ya bandari, anza na Said. Unayewaza shirikisho la Afrika Mashariki, msome Nyerere.