Lenzi ya Canon 400mm f/5.6L: miaka miwili nayo kwenye mawe ya Mwanza

Lenzi hii niliinunua kwa mpiga picha wa harusi wa Dar es Salaam aliyeiona ndefu mno kwa kazi za ukumbini. Ilikuwa imeshatumika. Nililipa milioni moja na laki tatu, ikaja Mwanza kwa basi, imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto.

Canon walianza kuiuza mwaka 1993, kwa hiyo mambo mengi ya siku hizi hayamo. Haina zumu wala kitulizo cha kuzuia picha kutikisika. Ni milimita 400 basi: mnyama akiwa mbali unamfuata, akiwa karibu mno unarudi nyuma. Uzito wake ni kilo moja na robo, naishika mkononi bila stendi.

Mimi ni muuguzi. Nikitoka zamu ya usiku, saa moja asubuhi, napitia ufukweni Capri Point kabla ya kwenda kulala. Pale kuna ndege mdiria, yule mweusi kwa mweupe. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapigapiga, kichwa kimetulia tuli, mdomo umeelekea chini. Kisha anajitupa. Miezi miwili ya mwanzo nilirudi nyumbani na picha za maji yaliyoruka tu, ndege hayumo. Nilikuwa nabonyeza nikimwona anashuka, na hapo umeshachelewa.

Bila kitulizo, mwili wako ndio stendi. Viwiko nabana mbavuni, kasi ya kamera naweka 1/2000 ya sekunde, pumzi naitoa taratibu. Siku moja nikiwa hivyo nikakumbuka ninavyotafuta mshipa wa mtoto mchanga. Huanzi na sindano. Unaushika mkono wake, unatulia, mpaka naye atulie. Nikaanza kukaa asubuhi nzima namtazama tu ndege, kidole sibonyezi. Nikamjua. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja, nami nilikuwa nimewapiga picha wiki nane bila kuona hilo. Nikaona pia kwamba mara nyingi hushuka kwa hatua: anasimama hewani, anateremka kidogo, anasimama tena. Ile mara ya pili ndiyo ya kuanza kubonyeza.

Picha niliyoipata ni ya jike anatoka majini, dagaa kamlalia mdomoni, na jicho la dagaa linaonekana. Nimeichapisha ukubwa wa A4, ipo ukutani kwenye chumba chetu cha chai. Usiku uliotangulia tulikuwa tumempoteza mgonjwa niliyemhudumia wiki tatu. Zamani usiku kama ule ningeenda moja kwa moja kitandani na nisiseme na mtu siku mbili. Asubuhi ile nilifika nyumbani nikampigia dada yangu simu, nikamsimulia yote mawili, mgonjwa na ndege.

Sasa mapungufu. Haiwezi kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya mita 3.5, kinatoka na ukungu. Kisiwani Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, dakika chache tu kwa boti, kuna mijusi wa mawe wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Hawaogopi watu, wanakuja hadi miguuni, na wewe unarudi kinyumenyume juu ya jiwe linaloteleza. Pimbi nao hivyo hivyo. Asubuhi yenye mawingu f/5.6, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi kabisa, haitoshi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) inapanda hadi 3200 na picha inajaa chengachenga. Haijazibwa dhidi ya maji pia, mvua ikianza mimi huifunika kwa koti langu.

Ukipata iliyotumika, imulike ndani kwa tochi ya simu utafute kuvu, maana unyevu wa ziwani hauna huruma na vioo. Vuta kile kikinga jua chake cha kutelezesha, kizungushe, uone kama kinakaza. Halafu jaribu swichi ya pembeni: ukiiweka kwenye mita 8.5 lenzi haihangaiki na vitu vya karibu, na kwa ndege anayeruka ndipo inapowahi. Yangu sijaitoa hapo tangu Machi, isipokuwa nikienda kwa wale mijusi.