Meza ya maktaba kampasi ya Malindi: nyota nne, ya tano nimeishika kwanza

Haya wacha niandike leo niishe nayo, manake kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi eti ile meza ya maktaba, pale watu wa ofisi zote wanakaa pamoja kutatua shida za wanafunzi, inasaidia kweli ama ni maneno tu. Niko mwaka wa tatu, kampasi ndogo hapa Malindi mjini, jina silitaji kwa sababu kuna mambo nitasema hapa hayatawafurahisha, na wenye kuijua washaijua. Hiyo meza nshaitumia mara nne.

Kabla yake ilikuwa hivi. Una shida ya karo, unaenda akaunti, akaunti wanakwambia hii ni ya usajili, usajili wanakwambia potali (ule ukurasa wa chuo mtandaoni wa karo na matokeo) si yetu nenda kwa kijana wa kompyuta, kijana wa kompyuta ameenda chai. Na wote hao wako jengo moja, milango inaangaliana! Sisemi walikuwa watu wabaya, la, ila kila mmoja alikuwa anaona kipande chake tu, na wewe komredi ndio unageuzwa tarishi wa kubeba maneno ya mlango huu kupeleka mlango ule. Mwaka wa kwanza nilizunguka wiki tatu kwa jina langu kukosewa herufi moja. Herufi moja bana.

Sasa mama wa maktaba akawaita wenzake waje wakae kwake, Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa saba. Meza mbili za kusomea zimeunganishwa, basi. Hakuna bango wala nini. Akaunti yuko, usajili yuko, kijana wa kompyuta yuko, mtu wa ofisi ya mlezi wa wanafunzi yuko, na mara mojamoja nesi. Na mimi naona kuchagua maktaba kulikuwa na akili, pale kuna feni, kuna intaneti, halafu mtu akikuona unaingia maktaba hajui kama umefuata kitabu ama umekwama karo. Ukisimama mlango wa akaunti kila anayepita anakujua hali yako.

Yangu ilikuwa hivi. Helb, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, washalipa upande wa chuo, meseji ninayo, lakini potali inasema nadaiwa 18,500, na ukidaiwa kadi ya mtihani huipati. Nikakaa mbele ya mama wa akaunti, akafungua orodha yake akateremka na kalamu mstari kwa mstari, sipo. Nikasema haya, sasa naambiwa nenda mlango wa pili. Lakini yule wa usajili yuko kiti cha ubavuni kwake, akachungulia tu akasema "hebu msomee namba yake pole pole". Kumbe kwao namba yangu ya usajili ina sifuri mbili na kwa akaunti iko na sifuri moja, pesa imefika imekaa mahali haina mwenyewe. Kijana wa kompyuta akageuziwa laptopu, akarekebisha, potali ikasoma 0. Robo saa hata haikuisha. Mama wa akaunti ananiangalia ananiambia "mwanangu, ulikuwa wapi siku zote?" Nilikuwa mlangoni kwako mama, nikanyamaza lakini, nikasema ahsante.

Na msidhani ni mimi peke yangu. Tangu ule mpango mpya wa ufadhili uanze 2023 pesa ya mtu inakuja vipande vipande, ufadhili wa serikali kivyake, mkopo wa Helb kivyake, mzazi na chake, na ukibahatika basari ya kaunti ama CDF (mfuko wa maendeleo wa jimbo) inakuja hundi moja na orodha ya majina ya watu kibao, jina likiandikwa vingine basi kazi unayo. Sasa vipande vyote hivyo mtu mmoja peke yake ofisini kwake atavijulia wapi?

Kitu kingine sikukitarajia ni mambo ya majarida ya kitaaluma. Mimi nilikuwa nadhani yale ya mtandaoni chuo kimenunua chenyewe. Mama wa maktaba akatuambia maktaba za vyuo hapa Kenya ziliungana tangu 2003, muungano unaitwa KLISC, wanachanga wananunua kwa pamoja, manake hiyo bei kampasi kama yetu peke yake hata tuuze viti haitoshi. Shida ni kwamba yanafunguka ukiwa ndani ya mtandao wa chuo, ukifika zako nyumbani Muyeye unaambiwa ulipe kwa dola. Kijana wa kompyuta akatuwekea MyLOFT, app ya kuyafungua ukiwa nje ya chuo, kwenye simu, mmoja mmoja, sasa nasomea kitandani. Akaniwekea na eduroam pia, wifi ya pamoja ya vyuo inayoletwa na KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya, nikaona ni mapambo tu mpaka siku nimemtembelea binamu yangu kwenye chuo chao Nairobi simu ikashika intaneti yenyewe bila kuomba paswadi ya mtu. Nilicheka peke yangu.

Mabaya sasa. Mshauri nasaha wamemkalisha kando ya mashine ya fotokopi. Wallahi. Nilimwona msichana amekaa pale, akasema maneno mawili, mtu akaja na karatasi zake za kutoa kopi akasimama nyuma yake, yule dada akainuka akasema atarudi. Sijamwona akirudi. Kuna kachumba pale nyuma kamejaa magazeti ya zamani, si wakasafishe?

Nesi naye tulimpata mara mbili. Mara hizo mbili alisaidia sana, kuna makomredi walikuwa bado wanasema "mimi niko kwa NHIF ya baba" na NHIF, bima ya afya ya zamani, ilishaondoka tangu Oktoba 2024 ikaja SHA, akatukalisha tukabonyeza *147# kujisajili mpaka kila mmoja akamaliza. Kisha akapotea. Ukiuliza akaunti hawajui, mlezi wa wanafunzi anasema barua iliandikwa. Picha ya kupeana mikono ya huo ushirikiano ipo ukutani, na keki inaonekana, nesi ndiye hayupo.

Saiba ya nje ya geti vile vile, tuliambiwa ukionyesha kitambulisho cha chuo printi ni shilingi 5, nimeenda mwenyewe akaniambia hiyo bei ilikuwa ya ufunguzi. Lakini yule mama wa mahamri na mbaazi hapo chini ya mwarobaini, yeye hakualikwa kikao chochote, foleni ikiwa ndefu mama wa maktaba anatutuma tukangojee kwake, na kama Helb haijaingia anakuandika kwenye daftari unakula. Kwa hesabu yangu huyo ndiye mshirika nambari moja wa hiyo kampasi.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya watu wa jioni. Darasa letu nusu wanafanya kazi mahoteli, Casuarina na Watamu huko, wanaingia saa kumi na moja wamechoka na meza imefungwa tangu saa saba. Wao bado wanazunguka milango kama zamani, tena milango yenyewe imefungwa. Hata mara moja kwa wiki mpaka magharibi ingetosha.

Ukienda, nenda Jumanne, Alhamisi watu wanajaa mpaka verandani. Beba kitambulisho, meseji za malipo usifute hata moja, na namba yako ya usajili ihesabu sifuri zake kabla hujatoka nyumbani.