Misuli ikikubana usiku: dawa ipi ununue Tanga, ipi uiache dukani

Mwambie muuza dawa wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwamba kigimbi kinakubana usiku, na huenda hujamaliza kueleza ameshakuwekea mezani vidonge vya maumivu, tyubu ya kuchua na kopo la magnesiamu. Vyote vinauzika. Hakuna hata kimoja kilicho juu kwenye orodha yangu.

Namba moja ni pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ikiwa chanzo ni jasho: mpakuzi wa mizigo, mwendesha baiskeli, kijana anayecheza mpira kwenye jua la kaskazi. Ushahidi wake kwa misuli si mzito, ila bei yake ni ndogo na mantiki ipo. Pakiti ya lita 1 ina chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5 na kloridi ya potasiamu gramu 1.5. Soma maandishi kabla ya kupima maji, maana zipo pakiti za ujazo mwingine. Najua utasema dafu linatosha. Dafu lina potasiamu tele lakini sodiamu haba, na jasho linaondoka na sodiamu zaidi. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza.

Kama hukutoka jasho, umri umesogea na mguu unakubana kitandani tu, usifungue pochi bado. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi waliwapa watu wa zaidi ya miaka 55 zoezi la kunyoosha vigimbi na nyuma ya mapaja kabla ya kulala. Baada ya wiki 6 walibanwa mara chache kuliko wenzao wasionyoosha. Simama mbele ya ukuta, kisigino chini, egemea mbele. Basi.

Namba mbili, vitamini B kompleksi ya vidonge. Utafiti uliofanyika Taiwan ulionyesha nafuu kubwa kwa wazee wenye presha, lakini wagonjwa walikuwa 28 tu, kwa hiyo matumaini yawe ya kiasi. Nunua vile vya kawaida vya bei ya chini. Ukishawishiwa sindano, kataa.

Magnesiamu naiweka ya tatu kwa shingo upande. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yaliona haielekei kuwasaidia wazee. Kwa wajawazito matokeo yanapingana, basi mama aulize kliniki. Inaharisha, na mwenye figo dhaifu asiiguse bila daktari.

Za kuchua zinapasha ngozi moto, na kazi kubwa inafanywa na mkono unaochua. Mafuta ya nazi ya nyumbani yatafaa vilevile. Diklofenaki ya kumeza ndiyo inayonishangaza zaidi: msuli unabana dakika chache na kuachia, kidonge bado hakijafika kwenye damu! Inaweza kutuliza maumivu ya asubuhi yake, lakini haizuii kubanwa kwa kesho, na tumbo, figo na presha vinalipa gharama.

Mkiani kabisa, kwinini, ile dawa ya malaria. Hii ndiyo iliyopimwa kuliko zote, na inafanya kazi: tafiti zikijumlishwa, inapunguza idadi ya kubanwa kwa takriban asilimia 28. Sisi wa Tanga tuna udugu nayo, kwani miti yake ilipandwa Amani, kwenye milima ya Usambara, enzi za Wajerumani, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga njia za meli, kwinini ya askari wao ilitengenezwa hukohuko mlimani. Lakini dawa hii inaweza kushusha ghafla chembe za kugandisha damu, kupeleka mapigo ya moyo mrama na kuvumisha masikio. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1994 kuiuza bila cheti kwa ajili ya misuli ya miguu, na mwaka 2010 ikaongeza onyo kali. Mzee wako akiwa na vidonge vilivyobaki vya malaria, asivigeuze dawa ya vigimbi.

Kabla ya kununua chochote, tazama unachomeza tayari. Dawa za kukojosha maji za presha, kama hidroklorothiazaidi na furosemaidi, na baadhi ya dawa za kolesteroli huweza kuleta tatizo hili. Usiziache mwenyewe; zitie zote kwenye mfuko, uende nazo kliniki au hospitali ya Bombo. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma mfululizo, huko si kubanwa kwa misuli: huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali siku hiyohiyo.