Mwaka na miezi miwili katika kikundi cha kufuma, Nakuru: uzoefu wangu

Nilihamia Nakuru nikitokea Mombasa mwezi wa Juni, mume wangu alipopewa uhamisho wa kazi, na katika masanduku yote tuliyopakia hamkuwa na sweta hata moja. Mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi nilijifunga leso mbili juu ya buibui na bado nilitetemeka. Siku ya tatu nikashuka mjini kutafuta mitumba. Mama aliyeniuzia sweta alikuwa anafuma huku anauza, na kazi aliiweka chini mara moja tu, kunihesabia chenji. Nikabaki nimesimama pale natazama vidole vyake. Akaniuliza, "Unataka kujua hii?" Nikamwambia nataka. "Basi kuja Jumamosi, saa nane."

Nimeandika haya kwa sababu wanawake wa mtaani kwetu wananiuliza kama kikundi kile kina faida ama ni kupoteza Jumamosi. Kwangu kina faida kubwa, lakini kuna mambo ningependa mtu ayajue kabla hajatoa pesa yake.

Tunakutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa moja mtaa wa Naka. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi. Nusu inanunua maziwa, majani na unga wa mandazi, nusu inanunua uzi wa kazi za kutoa. Uzi wa kazi yako unajinunulia. Siku ya watu wengi tunafika ishirini: akina mama wa biashara, wasichana wawili wa chuo, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu, kijana mmoja wa bodaboda anayefuma boshori, zile kofia za baridi, na kuziuza pale stendi, na Shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu, ambaye umri wake hatuuliziani. Mimi ni Mwislamu na siku ya kwanza nilisita mlangoni kwa kuwa jengo ni la kanisa. Hakuna aliyenigusia dini. Walikuwa wakizungumza Kikuyu, na nilipoketi wakahamia Kiswahili, wala hawajarudi nyuma tangu siku ile nikiwepo. Ramadhani ilipofika, fungu langu la mandazi lilikuwa likifungwa kwenye mkebe niende nalo nyumbani kwa futari. Mtu aliyehamia mji asiojua mtu anaelewa mkebe kama ule una uzito gani.

Mafunzo yenyewe ni ya polepole sana. Mwezi wa kwanza mzima nilifuma kipande kimoja cha mraba, vitanzi 22 kwenda na kurudi, nikikosea nafumua, naanza tena. Shosho ndiye aliyenisimamia. Yeye alijifunza akiwa msichana, kwa spoku za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe, na kabla ya hapo alikuwa akisuka vyondo, vile vikapu vya kamba. Anaweza kufuma akitembea, uzi umo mfukoni mwa aproni, kama akina mama wa zamani walivyokuwa wakisuka kiondo njiani kuelekea shamba. Ukimpa kazi yako haangalii upande wa mbele. Anaigeuza, anapapasa nyuma kwa kidole gumba, anafika pale ulipokosea mistari kumi iliyopita na kusema neno moja tu: "Fumua." Mara ya kwanza nilimwuliza, "Yote, Shosho?" Akasema yote. Nililia njiani kurudi nyumbani. Sasa ndilo jambo ninalolisifu kuliko yote katika mafunzo yao, maana kitanzi kilichoponyoka hakijifichi, kinashuka mstari baada ya mstari hadi nguo ifunguke kifuani.

Kosa langu kubwa zaidi nililifanya peke yangu, nyumbani, na nalieleza hapa ili wengine wasilirudie. Nilitaka kumfumia mume wangu sweta. Nikapata kielelezo cha Marekani kwenye intaneti, kinataka sindano namba 8. Mimi sindano namba 8 ninazo, nikaanza. Kielelezo kiliniambia vitanzi 90 kwa upande wa mbele vitanipa upana wa sentimita 50. Nilifuma wiki tano, mbele na nyuma, nikaweka kifuani mwake: sentimita 41. Jumamosi nikamwendea Mwalimu na masikitiko yangu. Akachukua ubao wa sindano, ule wenye matundu ya kupimia, akanieleza. Sindano tunazonunua hapa kwetu nyingi zimepewa namba kwa mtindo wa zamani wa Uingereza: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 14 ni milimita 2. Namba ikipanda, sindano inakonda. Marekani ni kinyume: namba ikipanda sindano inanenepa, na namba 8 yao ni milimita 5. Kwa hiyo usisome namba, soma milimita. Na kabla ya kuanza nguo, fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 uhesabu vitanzi vyako. Kile kipande cha mraba nilichokichukia mwezi wa kwanza kazi yake ni hiyo hasa.

Niliifumua sweta yote. Wazee wa kufuma wana njia yao ya kuuokoa uzi uliofumuliwa, ambao hutoka umejikunja kama nywele zilizosukwa usiku mzima: unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga mahali panne usichanganyike, unauosha, kisha unautundika na chupa ya maji chini uvutike hadi ukauke. Ukikauka umenyooka. Akina mama kadhaa kikundini hawanunui uzi mpya kabisa. Wananunua sweta kubwa za mitumba zenye uzi mzuri, wanazifumua na kuzifuma upya. Sweta ya mume wangu ilikamilika Machi, na anaivaa.

Lakini kitu cha kwanza kukikamilisha hakikuwa sweta hiyo, wala hakikuwa changu. Ni sheria ya kikundi: kazi yako ya kwanza iliyokamilika inatolewa. Kwangu ilikuwa kofia ya mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia siku zake. Nilipofuma kile kikofia nilidhani nimehesabu vibaya, kwa udogo wake. Mtoto aliyezaliwa miezi tisa ikitimia, kichwa chake mzunguko ni kama sentimita 35. Wa kuzaliwa wiki ya 28 ni kama sentimita 25 tu. Vitanzi 52 kwenye sindano ya milimita 4 vinatosha, kwa kuwa kofia inavutika. Naliweza kuivika kwenye chungwa.

Mradi huu wa kofia, tunazozipeleka wadi ya watoto kama hao, ndio uliokibakisha kikundi pamoja, kwa maoni yangu, kuliko chai na kuliko pesa. Watoto hawa hawana mafuta ya kutosha mwilini, na joto lao jingi linatorokea kichwani kwa sababu kichwa chao ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Ndiyo maana wauguzi wanamlaza mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi tu, wanamfunga kwa leso. Wanaiita njia ya kangaruu. Ilianza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatia joto, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza ianzwe mara tu mtoto anapozaliwa, bila kungoja. Mwalimu alitusomea habari hizo Jumamosi moja na chumba kizima kikanyamaza, sindano tu zinagonga. Mmoja wetu alijifungua hivyo, wiki ya 31. Alituambia alikaa na mwanawe kifuani mchana na usiku, akiogopa hata kukohoa. Kofia aliyokuwa nayo mtoto ilifumwa na mtu asiyemjua. Hiyo ndiyo iliyomleta kikundini.

Kuna mambo tuliyojifunza kwa kukosea. Kundi la kwanza la kofia lilikuwa na vishada juu na kamba za kufungia kidevuni, tukidhani tumependezesha. Muuguzi akaturudishia kwa upole: kamba zinaweza kumkaba mtoto, na kishada kinamsumbua akilazwa. Pia uzi wa sufu safi haufai huko, maana nguo za wadi zinafuliwa kwa maji moto na sufu ikipata maji moto na msuguano inanywea na kugandamana. Kwa hiyo kofia za watoto ni pamba laini au uzi laini wa kiwandani, yaani akriliki. Sufu tunaiweka kwa nguo za wakubwa, ambako haina mpinzani: inanyonya unyevu mwingi kabla hujahisi umelowa, na kwenye moto haiwaki upesi wala haiyeyuki ikaganda kwenye ngozi kama uzi wa kiwandani. Kwa mama anayepikia kuni, jambo hilo si dogo.

Sufu ipo karibu nasi. Njoro, mwendo mfupi kutoka mjini, kuna Kenana Knitters, walioanza mwaka 1998. Akina mama huko wanasokota sufu kwa mkono, wanaipaka rangi za mimea na kufuma vinyago vya wanyama, na kila anayeshika sindano upande wetu anawasikia. Sisi tulikwenda mbele zaidi, Molo, kwa mfugaji wa kondoo anayejuana na Shosho. Baridi ya Molo sitaisimulia. Tulirudi na magunia mawili ya sufu chafu, tukaosha siku mbili kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, na mafuta yake yakailainisha mikono yangu kuliko losheni yoyote. Ikapungua karibu nusu ya uzito. Kusokota bado sijaweza. Uzi wangu unakuwa mnene hapa, mwembamba pale. Rangi ya njano tuliipata kwa yale maua makubwa ya njano yanayoota kando ya barabara, na nilipoona ule uzi ukitoka sufuriani nilitamani mama yangu angeuona.

Mama alifariki Januari. Nilikuwa nimekuwa kikundini miezi saba. Sikuwaambia waje, Nakuru hadi Mombasa ni usiku mzima barabarani. Siku ya tatu ya matanga, asubuhi, nikasikia hodi, na waliosimama mlangoni ni Mwalimu na Shosho, na bahasha ya mchango wa wenzao. Shosho hakuwahi kufika Pwani maisha yake yote. Aliketi jamvini na shangazi zangu, hawaelewani nusu ya maneno. Halafu shangazi mmoja akatoa kofia ya vito, ile ya wanaume wa Pwani inayoshonwa kwa mkono, aliyoiacha mama, haijakamilika, duara la juu limeisha na ukingo umefika nusu. Shosho aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza upande wa ndani, kama anavyogeuza kazi zetu, akapapasa kwa kidole gumba vile vijitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu hakukuwa na mahali pa kufumua." Shangazi zangu waliangua kilio upya, nami pia, lakini kilikuwa kilio kingine.

Sasa lawama zangu, na nimezisema kikaoni pia. Mwaka jana tulikubali oda ya sweta 60 za shule moja. Sweta za shule mjini hapa karibu zote ni za mashine, na wanachama watatu wana mashine nyumbani, basi wao wakatoa vipande na sisi wengine tukageuzwa washonaji wa mikono na kola. Jumamosi zikawa kiwanda. Wanaojifunza waliachwa pembeni, wanawake wawili wakaondoka na hawajarudi, na shule yenyewe ikachukua miezi mitano kulipa. Niliumia, kwa sababu hao wawili walikuwa wageni mjini kama nilivyokuwa mimi. Tumekubaliana sasa oda zifanywe Jumatano kwa anayetaka, na malipo nusu yatolewe kabla uzi haujanunuliwa. Mpaka leo makubaliano hayo yameheshimiwa. Tatizo la pili ni saa: saa nane ni saa tisa kasoro, na mwenye watoto wa kurudia anakosa somo.

Anayetafuta kipato cha haraka asitegemee kufuma kwa mkono. Kofia ya mtu mzima inanichukua jioni mbili, na bei anayokubali mteja hailipi jioni hizo. Kijana wa bodaboda anafaidika kwa sababu anafuma akingoja abiria.

Ukiamua kuja, leta sindano za milimita 4 jozi moja, kikombe chako, na donge la uzi wa rangi nyepesi, krimu au samawati. Usianze na uzi mweusi, vitanzi vyake havionekani hata mchana. Keti upande wa dirisha, karibu na Shosho. Mpe kazi yako ikiwa imegeuzwa nyuma.